Mama Grace Hopper, aliyefundisha mashini kusoma maneno ya watu

Kila mwisho wa mwezi karatasi moja inatufikia mikononi. Iko na jina letu, matrikile yetu, siku tulizofanya, pesa walizokata, na chini kabisa ile namba moja ambayo macho inakimbilia kabla ya yote. Wamama nyumbani wanaijua karatasi ile kutupita sisi, sababu wao njo wanaigawanya: unga, mafuta, masomo ya watoto, deni la dukani. Karatasi inatoka katika ordinatere, mashini ambayo ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa wanaita kompyuta. Na tukiuliza swali, mara mingi jibu ni moja: mashini njo ilihesabu vile.

Sisi wa sindika tumechoka na jibu hilo. Ndiyo maana leo tunawaletea maisha ya mama mmoja wa Marekani, aliyekufa sasa inapita miaka 30, ambaye kazi yake ilikuwa kuandikia mashini amri kwa maneno yanayoeleweka na watu. Jina lake ni Grace Hopper. Kwetu Kalemie si wengi wanaomjua, lakini luga aliyoitayarishia njia, ile inayoitwa COBOL, imehesabu mishahara ya wafanyakazi katika dunia nzima.

Mtoto wa saa saba

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, na jina la baba yake lilikuwa Murray. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Tangu utoto alitaka kujua kila kitu kinatembea namna gani. Alipokuwa na miaka saba, alifungua saa ya kengele ili aone ndani yake, akashindwa kuirudisha. Akafungua ya pili, akitafuta ya kwanza ilifungwa namna gani. Mama yake alipokuja kugundua, saa saba za nyumba zilikuwa zimelala vipande vipande. Hakupigwa. Aliambiwa tu kwamba kuanzia siku ile atakuwa na ruhusa ya kufungua saa moja peke yake.

Baba yake aliugua mishipa ya damu na miguu yake ikakatwa. Baba yule alitaka mabinti wake wasome sawasawa na kijana wake, ili siku moja wasikose namna ya kujilisha. Tunasema neno hili kwa makusudi, sababu hapa kwetu bado kuna wazazi ambao pesa ya masomo ikipunguka wanaanza kumtoa binti.

Si kwamba yote yalimwendea vizuri. Mara ya kwanza alipotaka kuingia chuo cha Vassar alianguka mtihani wa Kilatini, akangoja mwaka mmoja. Alimaliza pale mwaka wa 1928, katika hesabu na fizika. Kisha akaenda chuo kikuu cha Yale, na mwaka wa 1934 akapata doktora ya hesabu, cheo ambacho wanawake wachache sana walikuwa nacho wakati ule. Mwaka wa 1930 aliolewa na mwalimu Vincent Hopper. Waliachana mwaka wa 1945, hawakuzaa mtoto, lakini jina la Hopper alilibeba mpaka kaburini.

Vita, na mawe ya kwetu

Desemba 1941 Marekani iliingia katika vita. Grace Hopper alikuwa mwalimu wa hesabu Vassar, na alitaka kuingia jeshi la majini, sababu babu wa mzazi wake alikuwa amirali. Jeshi lilimkataa: umri ulikuwa umepita, na mwili ulikuwa mwembamba kupita kipimo. Hakuacha. Aliomba ruhusa ya pekee, akaipata, na Desemba 1943 akaandikwa katika sehemu ya wanawake. Katika masomo ya uofisa alitoka wa kwanza.

Mwaka wa 1944 walimtuma chuo kikuu cha Harvard. Kule alikuta mashini iliyoitwa Mark I. Ndugu, msifikiri ile ya mezani yenye kioo. Hii ilikuwa na urefu wa mita zaidi ya 15, uzito wa tani karibu 5, na ndani yake vyuma vinazunguka na kupiga kelele. Amri zake ziliandikwa kwa matundu katika utepe wa karatasi. Mkubwa wa pale, Howard Aiken, alikuwa mtu mkali, tena hakufurahi kuletewa mwanamke. Kiisha siku kidogo akamwachia kazi nzito, hata kuandika kitabu cha kueleza ile mashini, kitabu cha kurasa zaidi ya 500.

Hapa tusimame, sababu hapa maisha ya mama huyu yanagusana na yetu. Katika mwaka ule wa 1944, mtaalamu John von Neumann alileta Harvard hesabu ngumu sana. Grace Hopper na wenzake waliitia katika mashini bila kuelezwa ni ya nini. Ilikuwa hesabu ya bomu ya atomiki, ile ya namna iliyokuja kuanguka Nagasaki Agosti 1945. Na sehemu kubwa ya uranium ya kazi ile ya Wamarekani ilitoka Shinkolobwe, kwetu Katanga, katika shimo la Union Minière. Mwaka wa 1940 tayari zaidi ya tani 1000 za mawe yale zilikuwa zimepelekwa New York, mji aliozaliwa Hopper.

Basi wababa waliochimba Shinkolobwe hawakuambiwa mawe yanaenda wapi, na waliohesabu Harvard hawakuambiwa hesabu inaenda wapi. Mikono ilikuwa mbali, lakini siri ilikuwa moja. Sisi wachimbaji tunajua uzito wa jambo hilo: kufanya kazi bila kujua matunda yake yanakwenda kwa nani.

Mdudu, na chupa

Kuna kisa kimoja ambacho alipenda kukisimulia mpaka uzee. Septemba 1947 mashini nyingine ya Harvard, Mark II, ilikosa kufanya kazi. Mafundi walitafuta, wakakuta nondo amekufa ndani ya swichi moja. Walimtoa, wakambandika katika daftari la kazi. Wamarekani walikuwa tayari wanaita kosa la mashini mdudu, lakini siku ile mdudu alikuwa mdudu wa kweli. Daftari limehifadhiwa mpaka leo pamoja na nondo yake. Tunaweza kujifunza kwake: walipomkuta waliandika tarehe na saa, wakaacha ushahidi. Sisi shimoni pampu ikisimama, ni wangapi wanaandika?

Tusifiche kwamba miaka ile ilimwumiza. Vita ilikwisha, ndoa ilikwisha, Harvard haikumpa kazi ya kudumu, na yeye akaegemea pombe. Mwaka wa 1949 polisi walimkamata juu ya ulevi. Rafiki mmoja alimwandikia barua ya ukweli, na yeye mwenyewe akasimama tena. Tunataja jambo hili bila kumcheka. Katika kambi zetu iko watu wa akili nyingi waliolala chini ya chupa sababu hakuna rafiki aliyewaandikia barua ile.

Mashini iliyoelewa maneno

Mwaka ule wa 1949 aliingia katika kompanyi ndogo ya Philadelphia iliyotengeneza UNIVAC, ordinatere ya kwanza kuuzwa Marekani kwa kazi za biro. Wakati ule kumwamuru mashini kulitaka namba tupu. Ukikosa namba moja, yote inaharibika. Tena kila fundi alikuwa ananakili kwa mkono vipande vya amri vya zamani, na kunakili kunaleta makosa.

Hopper akawaza hivi: kama mashini inajua kuhesabu, basi iweze pia kujiandikia amri zake. Mwaka wa 1952 alitoa programu ya kwanza ya namna hiyo, jina lake A-0, iliyokusanya vipande vya amri na kuvipanga yenyewe. Watu mingi hawakumwamini. Walimwambia ordinatere ni ya hesabu tu, haiwezi kuandika programu.

Kisha akaenda mbali zaidi. Aliona kwamba watu wa biashara, wale wa stoki, wa mishahara na wa madeni, hawapendi alama za hesabu. Wao wanafanya kazi kwa maneno. Basi akaomba mashini ifundishwe kupokea amri kwa maneno ya Kiingereza cha kawaida. Wakubwa wake walikataa, wakisema ordinatere haielewi Kiingereza.

Katikati ya miaka ya 1950 alifanya jambo ambalo linatufurahisha sisi wasomaji wa gazeti hili la Kifaransa. Aliandaa programu ndogo mbele ya wakubwa, kwanza kwa maneno ya Kiingereza. Kisha, ili kuonyesha kwamba kwa mashini maneno yote ni alama tu, akaleta programu ile ile kwa Kifaransa, na tena kwa Kijerumani. Wakubwa walishtuka. Waliona ni upumbavu mashini iliyotengenezwa Philadelphia ielewe Kifaransa! Alipashwa kuwaahidi kwamba itabaki kwa Kiingereza peke yake. Lakini maana yake ni wazi: mashini haina kabila. Kama ingeweza Kifaransa, ingeweza na Kiswahili.

Luga ile aliyotengeneza na wenzake iliitwa FLOW-MATIC, na njo ikawa mzazi mkubwa wa COBOL.

COBOL ilizaliwa katika kamati

Mwisho wa miaka ya 1950 kila kompanyi ya mashini ilikuwa na luga yake. Ukibadilisha mashini, unaandika programu zote upya, na pesa inateketea. Mama mwingine, Mary Hawes, njo aliita watu waungane. Mei 1959 wakakutana watu karibu 40 katika Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi: watu wa serikali, wa viwanda na wa makompanyi ya mashini. Hopper alikuwa kati ya washauri wakubwa. Kazi ya kuandika ilifanywa na kamati, na katika watu sita waliomaliza maandiko walikuwa wanawake wawili, Jean Sammet na Gertrude Tierney. Kwa hiyo wanaomwita Hopper mama peke yake wa COBOL wanapunguza jasho la wengine. Yeye alifungua njia, kamati ikajenga.

Kamati ile ilikuwa na ugomvi kama kamati zote. Mmoja wao, Howard Bromberg, alikata tamaa mpaka akanunua jiwe la kaburi lenye jina COBOL na kulituma kwa mkubwa wa kazi kule Pentagon. Jiwe limebaki katika makumbusho. Lakini maiti haikupatikana. Mwaka wa 1960 maandiko ya COBOL yalichapwa, na Desemba ya mwaka huo programu moja ilitembea katika mashini za makompanyi mawili tofauti na kuleta jibu moja. Wizara ya ulinzi nayo ikasema haitachukua mashini isiyojua COBOL, na wauzaji wote wakafuata.

Inafanya kazi namna gani

Programu ya COBOL iko na sehemu nne, kama fishi ya kazi iliyopangwa vizuri. Ya kwanza inasema programu inaitwa nani. Ya pili inasema itatembea katika mashini gani na itasoma mafaili gani. Ya tatu inaorodhesha kila kitu kitakachohesabiwa, na kila kimoja kinapewa nafasi yake. Ya nne inapanga kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Vitenzi ni vya Kiingereza, lakini majina ya vitu mwandishi anaweza kuyachagua. Mtu wa Kalemie anaweza kuandika MULTIPLY SIKU BY BEI-YA-SIKU GIVING MSHAHARA, maana yake zidisha siku kwa bei ya siku, na jibu liwe mshahara. Siku 26 kwa faranga 8000 ni 208 000. Kisha anaandika SUBTRACT ADVANSI FROM MSHAHARA, na advansi inatoka. Hata mtu asiyejua ufundi anaweza kufuata kwa kidole. Tena COBOL inahesabu pesa kwa namna ya kumi kumi kama sisi kwenye karatasi, hivi senti hazipotei kwa kugeuzwa.

Lakini hatari iko katika ile sehemu ya tatu. Mwandishi anaiambia mashini: mshahara utakuwa na tarakimu sita. Fikirini sasa zamani za Zaïre, pesa ilipoanguka mpaka Oktoba 1993 nouveau zaïre moja ikawa zaïre milioni tatu za zamani. Namba ya tarakimu saba ikiingizwa katika nafasi ya sita, tarakimu ya kwanza inakatwa. Milioni na laki mbili inakuwa laki mbili, na mashini haioni haya. COBOL iko na neno la kuonya hesabu ikipita nafasi yake, ON SIZE ERROR, lakini mtu anapashwa kuliandika. Asipoliandika, mashini inanyamaza.

Hivyo hivyo ilikuwa kwa miaka. Ili kuokoa nafasi, waandishi waliandika 65 mahali pa 1965. Ulipokaribia mwaka wa 2000, dunia nzima ililipa pesa mingi kusahihisha, sababu mashini ingefikiri 00 ni 1900. Mwenye kuanza kazi 1965 angeonekana anaenda pensheni kabla ya kuzaliwa!

Mwanzoni COBOL ilikuwa ya mashini kubwa za kujaza chumba. Baadaye zilikuja mashini za kati, ambazo kompanyi isiyo kubwa sana inaweza kununua. Mwaka wa 1988 IBM ilitoa ya namna hiyo, AS/400, na wajukuu wake bado wanatumika mpaka leo. Kazi yake ilikuwa ile ile: stoki, madeni, mishahara.

Aliitwa tena juu ya mishahara

Mwisho wa mwaka wa 1966 jeshi lilimpumzisha Hopper juu ya umri wake. Miezi saba haikufika nane wakamwita tena, Agosti 1967. Jeshi la majini lilikuwa limeandika programu ya mishahara na kuiandika upya mara mingi bila kufaulu, na COBOL ilikuwa inaandikwa kila mahali namna yake. Walimwomba miezi sita. Alikaa miaka 19.

Alizunguka akifundisha. Katika mfuko alibeba vipande vya waya vya sentimita 30 hivi. Ndio mwendo wa mwanga katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Aliwagawia wanafunzi na maamirali ili waguse kwa mkono kitu ambacho macho haiwezi kuona. Ofisini alitundika saa inayotembea kinyume, kuwaonyesha wanaosema tangu zamani tunafanya hivi kwamba hata saa inaweza kwenda njia nyingine na bado ikasoma wakati sawasawa.

Mwaka wa 1985 akawa amirali. Agosti 1986 alipumzishwa kwa mara ya mwisho, akiwa na miaka 79, katika merikebu ya zamani mjini Boston. Hakukaa nyumbani, akaingia kompanyi moja ya ordinatere kama mshauri. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa Arlington kwa heshima za jeshi. Manowari moja inabeba jina lake, na mwaka wa 2016 rais Obama alimpa nishani kubwa ya raia, yeye akiwa kaburini.

Neno letu kwa wenzetu

Tunamaliza na jambo lililotufikia sisi wenyewe. Katika kompanyi moja, ambayo hatutaitaja, mwenzetu wa kutoboa mawe aliona saa zake za nyongeza zinapungua. Kila alipouliza, jibu lilikuwa ordinatere. Tuliomba tukae na kontabule, si kwa ugomvi, kwa daftari. Sheria yetu ya kazi inasema juma la kazi ni saa 45. Programu ilikuwa inaanza kuhesabu nyongeza kuanzia saa 48. Mtu mmoja aliandika 48, labda kwa haraka, labda kwa kunakili kutoka mahali pengine, na kila juma saa tatu za kila mtu zilipotea. Kontabule mwenyewe alishangaa. Mstari mmoja ulisahihishwa, na pesa ya nyuma ikalipwa.

Kwa hiyo, ndugu, shika daftari lako, andika saa zako kila siku, na linganisha na fishi. Ukikuta tofauti, uliza kanuni iliyoandikwa ndani ni ipi, na nani aliiandika. Wenzetu wachimbaji wa mikono wasio na fishi, nao waandike kilo zao kila mara mzani unaposoma. Na ninyi wazazi, binti akifungua redio ya nyumba ili aone ndani yake, msimpige. Mpeni redio moja iliyokufa, afungue hiyo.